Kabari ya Kitufe cha Kushoto

Kwa mujibu wa fomu za kupima hatari za mwaka uliopita, mzigo wa tani mbili ukimwangukia mtu kutoka kwenye kreni, madhara yake ni moja. Moja, kwenye kipimo cha moja hadi tano. Akigongwa na foklifti, moja pia. Afisa usalama, binti aliyemaliza chuo mwaka huohuo na ambaye bado alikuwa akibisha hodi kwenye ofisi yake mwenyewe, alizisoma zote akagundua kuwa hatari kubwa kuliko zote katika karakana nzima ilikuwa ngazi ya stoo. Ilipewa mbili. Meneja aliwahi kuteleza hapo.

"Badilisha tarehe tu," Meneja alimwambia. "Mkaguzi anakuja kesho saa tatu."

"Lakini bosi, kila hatari imeandikwa ndogo."

"Si ndiyo vizuri? Hatari ukiiandika kubwa, umeiita. Miaka kumi na minne sijaiita, na haijaja."

Binti akasema ndiyo. Ndiyo zake zilimtoka kama chafya, kabla hajakusudia.

Shida ilikuwa presi. Mwendeshaji wake alikuwa mjomba wa binti, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu darasa la pili na ndiye aliyemwombea kazi hii. Presi ilishusha nyundo nzito juu ya bati, na ili ishuke ilibidi kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kimoja kwa kila mkono. Aliyeibuni alitaka mikono yote miwili iwe mbali nyundo inaposhuka. Mjomba alichonga kabari ya mti, akaikaza kwenye kitufe cha kushoto, kikashinda kimebonyezwa kutwa. Mkono wa kulia ulibonyeza, wa kushoto ulilisha bati. Presi ilikuwa ya zamani, haikujua kutofautisha mkono na mti. Watu walimsifu mzee kwa kasi.

Fomu ilikuwa na nafasi ya maelezo ya mwendeshaji. Mwaka uliopita paliandikwa "hana". Binti akachukua kalamu, akashuka karakana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umeniletea makaratasi?"

"Nataka unieleze hatari za hii mashine."

"Hatari gani? Huyu mke wangu wa pili. Tunajuana."

"Wa kwanza mbona hatujawahi kusikia ukimsifu?" mchomeleaji alidakia kutoka meza ya jirani.

"Wewe choma vyuma vyako!"

Mkono wa kushoto ukaingia na bati, ukatoka, nyundo ikashuka. Kufumba na kufumbua. Binti alikuwa ameandaa hoja nne, zenye namba. Zote zikamtoka kichwani.

"Mjomba, nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hii. Bati moja tu. Siwezi kuandika nisichokijua."

Mzee alifurahi waziwazi. Akapangusa kiti kwa kitambaa, akamkalisha. Kisha akainama, akaigonga kabari kwa kiganja mpaka ikachomoka, akaitia mfukoni.

"Mbona umeitoa?"

"Mikono yako bado mipya."

"Na yako?"

"Yangu imezoea."

"Mazoea yana taabu," alisema mchomeleaji. Alikuwa amezima moto wake.

"Imezoea nini, mjomba?"

Mzee aliitazama nyundo. "Glovu hukamatwa, siku moja moja," alisema, kama anayeeleza habari za mvua. "Mwezi uliopita ilibaki humo. Mkono ukatoka."

Nyumbani hakuna aliyejua. Binti aliinamisha uso kwenye fomu, akaandika ili asionekane macho. Mwandiko ulipinda, lakini ulisomeka.

Alasiri Meneja aliisoma akiwa amesimama. "Uwezekano tano, madhara tano. Ishirini na tano! Unataka tufungiwe? Andika mbili, basi. Mbili nakuruhusu."

"Hapana."

"Umesemaje?"

Binti alitamani sana asirudie. Akarudia.

"Na haya maneno hapa chini ni ya nani?"

"Ya mwendeshaji."

"Aitwe ayakane."

Mjomba alikuja, akasimama mlangoni ili asichafue zulia. Meneja akamsomea kwa sauti: "'Kabari hutolewa mgeni anapokaa, kwa sababu mikono yake bado mipya. Mwezi uliopita glovu ilibaki ndani.' Mzee wangu, wewe umesema haya?"

Binti alizitazama ncha za viatu vyake. Akikana, fomu itakuwa ya mtoto mwongo, na kesho mkaguzi akishaondoka kabari itarudi mahali pake, na mkono wa mjomba utarudi mahali pake. Hakuwahi hata siku moja kumwanika mjomba wake mbele ya watu. Alijua pia kwamba angeulizwa na mama.

"Amekosea," alisema mzee.

Meneja akatabasamu. "Unaona?"

"Glovu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu." Akamgeukia binti. "Hiyo hukuniuliza."

Tabasamu la Meneja lilibaki usoni kwa muda, halina kazi. Binti akaichukua fomu mezani, akakata "Mwezi uliopita glovu ilibaki", akaandika juu yake "Mwezi wa tatu na mwezi uliopita glovu mbili zilibaki", na tarehe ya leo.

"Sasa sahihi naweka wapi?" aliuliza mjomba.

Akamwonyesha mstari. Mzee alipomaliza kusaini alirudisha kalamu, akashuka karakana, akaizima presi. Hakuagizwa na mtu.