Jicho la Upepo

"Fundi, kioo kimeingia jasho," Mama Clifford alisema, na foleni ya waliokuja kumuaga kijana wake ikasimama.

Andati akasogea na kitambaa. Jeneza alilitengeneza mwenyewe kwenye karakana yake pale Navakholo, na kama ilivyo desturi ya huku, alikuwa ameliwekea kidirisha cha kioo upande wa uso. Akakipangusa. Uso wa Clifford ukaonekana, umetulia. Kisha ukungu ukarudi taratibu, ukamfunika tena.

"Anapumua," mama akasema.

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Miaka ishirini na sita Andati anaunda majeneza, na hakuna hata moja lililowahi kumtia hofu.

Na laiti Navalayo angenyamaza jana! Binti yake huyo anasomea ualimu wa Kiingereza, na baba akikata kioo hicho hicho, yeye alikaa kwenye benchi akimweleza neno "window". Waingereza, alisema, walilichukua kwa watu wa kaskazini ya mbali, na kwao lilikuwa maneno mawili: upepo na jicho. Nyumba zao hazikuwa na vioo, ni tundu tu ukutani. Leo kila mtu analitamka bila kuukumbuka upepo. Andati alicheka sana, akasema kumbe miaka yote amekuwa akiuza macho yaliyozibwa. Sasa akakunja kitambaa.

"Ni baridi ya mochwari, Mama Clifford," akasema polepole. "Kioo kikikutana na joto la nje, hufanyanga hivi."

Wazee wa ukoo wakamwomba mama aketi, mchungaji anangoja. Hakuwasikia. Alimtazama fundi peke yake.

"Wewe ndio ulifunga, Baba Navalayo. Fungua nishike mtoto wangu."

Jeneza halifunguliwi mbele ya watu. Andati alilijua hilo kuliko wote pale. Lakini akikataa, mama huyu atabaki akimzika mtoto anayepumua, kila siku ya maisha yake. Akatoa bisibisi mfukoni. Mzee mmoja akamwita jina kwa ukali. Andati akafungua skrubu nne, akainua kioo.

Mama akaingiza mkono, akauweka shavuni. Ulikaa hapo muda mrefu.

"Ni baridi," alisema.

"Ndiyo, mama."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu apigiwe simu ya msiba.

Mzee yule akaagiza kioo kirudishwe, maombi yaendelee. Andati akapiga magoti, skrubu midomoni. Upepo ukaja kutoka kwenye miwa, ukavuka uwanja, ukaingia kwenye lile tundu. Lesi nyeupe kifuani mwa Clifford ikainuka kidogo, ikashuka, ikainuka tena.

Mama hakuutoa mkono. Andati akabaki amepiga magoti, kioo mikononi.