Nusu Mbili za Nyumba ya Parascovia

Jumanne moja mwanzoni mwa Machi, Parascovia Rotaru alikuwa akisonga mamaliga, sima ya mahindi ya kwao Moldova, alipoona ufa sakafuni. Ulipita chini ya meza ya jikoni, ukakata sebule, ukatokea nyuma kwenye mizabibu. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Akamaliza kusonga, akala.

Kufikia Jumapili paka alikuwa akipita humo. Nusu yenye jiko ilikuwa ikisogea magharibi, nusu yenye kitanda ikisogea mashariki. Ghenadie, mpima ardhi wa kijiji, alikuja na kamba yake.

"Sentimita nne kwa siku, shangazi. Nyumba ya Tecla kule mlimani inakwenda sita."

"Itasimama?"

"Ya Tecla haijasimama. Sasa niandike nyumba yako iko upande gani? Fomu ina mashariki na magharibi."

"Andika iko hapa."

"Neno 'hapa' halina kisanduku chake."

Ghenadie aliacha nafasi hiyo ya fomu wazi, akaenda zake. Parascovia akalaza ubao juu ya ufa. Akawa anapika magharibi na kulala mashariki, na supu ikawa inamfikia kitandani imepoa.

Alikuwa na wana wawili. Mume wake alikufa mwaka ule Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, na hakuna aliyejua nchi itaangukia kwa nani. Parascovia akampeleka Ilarion kusoma Bucharest, upande wa magharibi, na Trofim kwa mjomba wake Moscow, upande wa mashariki, akajifunze ujenzi. Trofim alikuwa na miaka kumi na sita. Kituoni alishika mkono wa kaka yake hadi treni ilipopiga honi, na Parascovia ndiye aliyewabandua vidole.

Sasa kila mmoja alikuwa na pasipoti ya alikokwenda. Tangu vita vya nchi jirani, walikuwa hawasemeshani.

Pasaka wote wawili walikuja. Ilarion aliingia kwa mlango wa jikoni, Trofim kwa mlango wa chumbani. Kati yao palikuwa na mita mbili na nyasi zimeshaota.

"Mama, mwambie huyo aache kuvuta nyumba," alisema Ilarion.

"Nani anavuta?" alisema Trofim. "Mwambie na yeye aache kuwapigia magoti watu wake wa Magharibi."

"Afadhali magoti. Wewe umelala kifudifudi."

"Hakuna anayevuta," alisema Parascovia, akiwa amesimama juu ya ubao. "Mimi ndiye niliyewagawa. Nilidhani nikiwa na mmoja kila upande, yeyote atakayekuja hatatuumiza."

Trofim alitazama viatu vyake. "Mimi sikutaka kwenda."

"Najua, mwanangu. Hata siku ile nilijua."

Ilarion akaomba chumvi.

Parascovia aliwapa mayai mekundu ya sikukuu, ambayo watu wawili huyagonganisha, na ambaye yai lake halivunjiki ndiye mshindi. Walinyoosha mikono, haikufikiana, na hakuna aliyekanyaga ubao. Basi akachukua yai la Ilarion, akachukua na la Trofim, akayagonganisha mwenyewe pale katikati, akiyafunika kwa viganja wasiyaone.

"La nani limevunjika?" aliuliza Trofim.

"Yote mawili," alisema, akalitia lililobaki zima mfukoni mwa aproni.