Gauni la Saizi ya Kumi na Sita

Selpha alisimama mbele ya rafu ya mishumaa ya manukato, akachukua mmoja, akaunusa, na hakusikia kitu. Akaunusa tena kwa nguvu. Wapi! Tangu Jumatatu pua ilikuwa imegoma, na ulimi pia, na macho ndiyo usiseme. Sheryl, bintiye wa pekee, alikuwa ameaga dunia Jumatatu alfajiri. Leo ilikuwa Jumatano, na mama mtu hakuwa ametoa chozi hata la kusingizia. Akina mama wa kanisani walishaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Alikuwa amekuja kununua nguo ya kumvisha. Kesho asubuhi mwili ungetoka mochari kule Kajiado kwenda Bungoma kuzikwa, na wahudumu walikuwa wamesema nguo ziwafikie leo kabla ya saa kumi jioni. Sasa Kitengela nzima ina maduka ya nguo, ina mitumba, ina mafundi wanaoshona ukingoja, lakini Selpha aliyapita yote akapanda ngazi hadi Pamba Nyeupe. Hilo ni lile duka lenye matawi kila mahali penye watu wa pesa, linalouza kitambaa cha kupangusia sahani kwa bei ya kuku wawili wenye afya. Wanakuwekea muziki wa polepole, wanakunyunyizia manukato mlangoni, halafu wanakunyoa bila maji.

Sheryl alilipenda duka hilo, wacha tu. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akitoka kwake Kisaju, mama anatoka kwake Kitengela, wanakutana hapo. Wanapapasa shuka za kitanda, wanapindua vibandiko vya bei, wanaangaliana, wanacheka mpaka mlinzi anawakazia macho, kisha wanatoka mikono mitupu kwenda kunywa chai ya kibandani. Sheryl alikuwa akisema, siku moja nitaingia hapa, Mama, nichukue ninachotaka bila kupindua bei. Siku hiyo haikufika. Ndiyo maana mama alikuwa amekuja kuifanya kwa niaba yake, na kusema kweli hakupindua kibandiko hata kimoja.

Alichagua gauni la rangi ya haradali, lile ambalo Sheryl alikuwa akilipapasa, mikono mirefu, vifungo vya mti kifuani. Akachukua saizi ya kumi na sita. Naisula, msichana wa dukani aliyewazoea kwa miaka, alimwuliza Sheryl yuko wapi, mbona leo hajaja. Selpha akasema yuko mbali. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja saa, na Naisula hakuuliza zaidi.

Kisha akaingia nalo kwenye chumba cha kujaribia nguo. Usishangae. Mama na mtoto hawa walikuwa mwili mmoja, kifua kwa kifua, nyonga kwa nyonga. Walivaliana nguo tangu Sheryl amalize shule, na watu walisema ukitaka kujua Sheryl atakavyokuwa akifika miaka sitini, mtazame Selpha. Kwa hiyo likimkaa mama, litamkaa mtoto. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo yake, na baada ya siku tatu bila usingizi yalionekana mawazo ya maana kabisa. Alifunga vifungo vyote, akajitazama kwenye kioo, akaona limemkaa vizuri. Hakuhisi chochote. Alikuwa anataka kulivua aliposikia sauti ya mwanamume nje ya pazia.

Ilikuwa sauti ya Wangila, mkwewe, mume wa Sheryl.

Selpha alishika mdomo. Kwa Wabukusu, kabila lao, mama mkwe na mkwe hawakutani hivi hivi kama watu wa sokoni. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, na wakionana njiani mmoja anaiacha njia. Kwa ukoo wa kina Selpha, mambo hayo huisha siku mkwe anapomletea mama nguo mpya na mama akaivaa. Kuanzia hapo anaweza kuingia nyumbani kwa mkwe, akakaa, akala. Na Wangila hakuwa mbishi. Alitaka kuifanya sherehe ya kueleweka, mbuzi, hema, gauni la gomesi la kung'aa, mbele ya wazee, Desemba. Ikapita Desemba, wakasema ijayo. Selpha naye hakumharakisha, maana alitaka majirani waone. Hivyo ndivyo miaka sita ilivyokwisha, kila mtu akingojea jambo lifanywe vizuri.

Na mbona wote wawili walikuwa dukani kununua nguo ile ile? Hapo umlaumu Wanjala, kaka yake Sheryl, ambaye kwa miaka hiyo sita ndiye aliyebeba maneno ya nyumba hizi mbili. Mama alimwambia nguo nitanunua mimi. Shemeji naye akamwambia hivyo hivyo. Wanjala, mwenye simu mbili na jeneza la kulipia, akasema sawa huku na sawa kule.

Selpha alisikia kiti kikilia. Wangila alikuwa ameketi kwenye kile kiti wanachowekewa waume wanaongojea wake zao, hatua mbili kutoka kwenye pazia. Basi, kutoka hakuna. Angesimama humo ndani mpaka mwanamume huyo aondoke, na kama ni jioni na iwe jioni.

Wangila aliomba lile gauni la haradali, la mikono mirefu. Selpha alishtuka kidogo. Kumbe naye alikuwa anajua mke wake alikuwa akipapasa nini. Naisula akauliza saizi, Wangila akasema nane.

Naisula alicheka, akamwambia Sheryl anamjua, si wa nane, anamlinganisha na nani huyo. Selpha huko ndani akatikisa kichwa kwa hasira, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kuhisi jambo lolote. Mume gani huyu? Miaka sita unalala na mtu, hujui hata upana wa bega lake? Wanaume! Wangemzika mtoto wake amebanwa kama mkate kwenye karatasi.

"Alikuwa kumi na sita," Wangila alisema. "Kama kuna sita, leta sita. Ameaga Jumatatu. Mimi ndiye nilikuwa namwogesha, najua. Mgongo wake ulikuwa unatosha kwenye kiganja changu."

Kicheko cha Naisula kilikatika. Muziki wa duka uliendelea na upuuzi wake.

Selpha alijitazama kwenye kioo. Gauni lilikuwa limemjaa, mikono, tumbo, nyonga, kila mahali palipomjaa yeye na ambapo Sheryl hakuwa napo tena. Saizi ya sita ndiyo aliyoivaa Sheryl akiwa kidato cha pili. Selpha aliikumbuka sketi ile, aliikunja pindo mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa amekuja kumnunulia nguo mtu aliyemjua mwaka jana.

Kwa maana miezi mitano hakumwona. Ugonjwa ulianza tumboni, ukamlaza, na safari za kutoka Kisaju zikakatika. Walizungumza kwa simu kila jioni. Mama akitaka waonane kwenye simu, Sheryl anasema kamera imeharibika, na sauti ilikuwa ile ile, kicheko kile kile. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mara moja Selpha alienda hadi langoni kwa Wangila na supu ya kuku, akaikabidhi kwa jirani, akasimama barabarani kama mtu anayeuza mayai. Pazia la dirisha likasogea, mkono ukapunga. Mkono tu, ndani ya sweta kubwa. Naye akapunga, akarudi nyumbani.

Na kuna hili, ambalo hakumwambia mtu. Mwezi wa tatu wa ugonjwa Wangila alimtuma Wanjala kwake. Alisema yeye atahamia kwa jirani, Mama aje akae na mtoto wiki nzima, wala hawataonana. Selpha akajibu kwamba mila ni mila, nyumba ya mkwe ni nyumba ya mkwe hata akiwa hayumo. Alijibu hivyo akiwa wima, na Wanjala akamheshimu kwa msimamo wake. Msimamo gani? Aliogopa. Aliuona ule mkono dirishani na akaogopa kuona kilichobaki, na mila ikampa mahali pa kujificha. Mila haikuwa na kosa lolote, maskini. Yeye ndiye aliyejibanza nyuma yake.

Pazia lilisogea kidogo na uso wa Naisula ukachungulia. Macho yalikuwa mekundu. Alinong'ona, akimwita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, ni yeye? Ni mkwe wako huko nje?" Selpha akakubali kwa kichwa. Msichana alielewa mara moja, bila kufundishwa. Kwao Wamaasai heshima hiyo wanaijua vizuri, na baba yake, mzee Metito, mpaka leo akimwona mama mkwe wake anakuja hugeuka akaenda kukagua ng'ombe ambao hawajapotea. Naisula akasema atamwambia kijana atoke kwanza.

"Ngoja," Selpha alisema. Na hakunong'ona. Alisema kwa sauti kamili, ile aliyofundishia darasa la sita miaka thelathini. "Naisula, muulize huyo kijana, Sheryl alikuwa ananiulizia?"

Nje kiti kilianguka. Wangila alikuwa ameruka wima. Naisula alitazama nyuma, akamwona amegeuka, uso kwenye ukuta, paji la uso karibu liguse rafu ya mito ya viti. Alimwuliza swali lile lile neno kwa neno, ingawa kila mtu alikuwa amelisikia, hata mlinzi.

Wangila alijibu akiutazama ukuta.

"Mwambie Mama, kila siku. Lakini alisema nisimsumbue Mama. Alisema Mama akimwona hivi hatalala."

Naisula akageukia pazia arudie, Selpha akamwonyesha kwa mkono kwamba amesikia. Alisimama hapo. Alingoja machozi na hayakuja. Alijua tu kwamba mtoto wake alikuwa amemfahamu mpaka kwenye uoga wake, akamsamehe kabla hajaombwa, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kulaumiwa.

"Mwambie saizi yake ndiyo sawa," akasema. "Yangu nimekosea. Aichukue ile ndogo, mimi nitasubiri aondoke."

Alisikia nyayo zikienda kwenye kaunta, zikirudi. Akaanza kufungua vifungo vya gauni, kimoja, viwili. Naisula akaja tena kwenye pazia, safari hii anasita.

"Mama, ananiuliza ni gauni gani uko nayo hapo ndani. Nimemwambia ni ile ile, kumi na sita." Akaongeza, "Anasema usiitoe. Ameilipia. Anasema ni yako."

Vidole vya Selpha vilikwama kwenye kifungo cha tatu.

Nguo mpya, kutoka kwa mkwe, na mama akiwa ameshaivaa. Hakukuwa na mbuzi, wala hema, wala mzee hata mmoja wa kushuhudia, ila msichana wa Kimaasai mwenye kanda ya kupimia shingoni. Imekwisha. Ilikuwa imechukua muda wa kulipa kwenye kaunta. Lau jambo hilo wangelifanya Januari, wakalifanya kwa leso ya sokoni, naye angeshinda miezi mitano ameketi ukingoni mwa kile kitanda, akiogopa, sawa, aogope, lakini akiwa ameketi.

Alifunga tena vifungo. Nguo zake za zamani akazikunja akazitia mkobani. Kibandiko cha bei kilikuwa bado kinaning'inia chini ya kwapa, na Naisula akachukua mkasi akakikata kwa uangalifu, kama mtu anayemkata mtoto kucha. Selpha hakukitazama.

Akavuta pazia. Wangila alikuwa bado anautazama ukuta, mfuko wa karatasi mkononi, na ndani ya mfuko gauni la haradali lililokunjwa likawa kitu kidogo sana. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vibaya. Naye amekonda, Selpha aliona.

"Wangila," alimwita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe. "Geuka, baba. Nimeivaa."

Akageuka polepole, macho chini. Aliliangalia gauni kwanza, pindo, mikono, vifungo, na hapo akashika rafu, maana hivyo ndivyo Sheryl angeonekana akiwa mzima. Lakini alijikaza, akasema maneno ambayo mkwe hupaswa kusema siku hiyo, aliyokuwa ameyaweka kwa miaka sita.

"Mama, karibu nyumbani kwangu."

Selpha alikuwa anajua jibu lake. Kila mama wa ukoo wao analijua, ni sentensi ndefu nzuri yenye baraka na watoto wengi ndani yake. Aliitafuta, akaipata yote, neno kwa neno, na hakuna hata moja lililofaa.

"Asante, mwanangu," alisema. "Nimechelewa."

Kisha akamwuliza kama yeye ndiye atakayemvisha Sheryl, au wahudumu. Wangila akasema alikuwa amepanga amvishe mwenyewe, ila vifungo vile vidogo vinamshinda. Selpha akachukua ule mfuko mkononi mwake, wakashuka ngazi pamoja, kwenda Kajiado.