Meno Manne ya Mama Mkwe

Fundi alishatengeneza meno ya watu wengi: ya kipa aliyekula kiwiko uwanjani, ya mwuza nyama aliyefungua soda kwa mdomo, hata ya daktari wa meno mwenyewe, jambo ambalo walikubaliana lisitoke nje. Lakini hakuna mdomo uliowahi kumtoa kijasho kama huu uliokaa mbele yake asubuhi hii ya Alhamisi, umefunikwa mtandio wa kijani hadi puani. Ulikuwa mdomo wa mama mkwe wake.

Mama Mkwe alikuwa mwalimu mstaafu. Wiki tatu zilizopita alipanda stuli kubadilisha balbu ya jikoni. Balbu ikabaki juu, yeye akaja chini na meno manne ya mbele yakaenda zake. Na Jumamosi hii shule aliyofundisha miaka thelathini ilikuwa inaupa ukumbi wake mpya jina lake, na hotuba ilikuwa ya kwake. Akaapa: meno yasipomridhisha, hotuba itasomwa na mdogo wake. Huyo mdogo wake, ambaye nyumba nzima humwita Mama Mdogo, alikuwa na meno yote thelathini na mawili, na hakuchoka kuwakumbusha watu.

"Nataka kuyaona kabla hujayachonga," Mama Mkwe alisema toka nyuma ya mtandio.

"Utayaona, mama. Kompyuta itakuonyesha kila kitu."

Mashine ya kuchonga ilipaswa kuanza saa sita kamili. Ikipitiliza hapo, tanuri halingewahi kuyachoma kabla ya Jumamosi. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo.

Umbo la kinywa lilishaingizwa kwenye kompyuta, unaweza kuligeuza huku na huku kama chungwa mkononi. Meno mapya yalishakaa penye pengo, meupe kama chaki, hayajavaa rangi. Rangi yao ingetoka kwenye picha ya jino la chonge lililosalia jirani na pengo. Programu ingeichukua picha hiyo na kuyavisha meno mapya kama mtu anavyovisha mito foronya. Picha yenyewe Fundi aliipiga juzi mlangoni, mara moja tu, kwa flashi, amesimama mbali kama anayepiga picha simba. Tangu aoe, miaka kumi na moja, hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni kwa zaidi ya sekunde mbili. Viatu vyake ndivyo alivyovijua vizuri, jozi zote.

Akabonyeza. Meno manne yakawaka.

Mama Mkwe akafinya macho. "Hizo ni nini? Taa za gari?"

"Mwanga umezidi kidogo, mama. Narekebisha."

"Mimi nimeangushwa na balbu moja. Wewe unataka kunipachika nne."

Ndani ya programu kulikuwa na taa tatu, zimeuzunguka uso wa kwenye skrini. Fundi akazipunguza zote. Meno yakatulia kidogo, lakini midomo, ufizi na kidevu vikazama kwenye masizi.

"Sasa nimekuwa meno yanayotembea yenyewe gizani," Mama Mkwe akasema. "Watoto wa watu watalala na wazazi wao mwezi mzima."

Simu yake ikalia. Akaiweka sauti ya nje, kwa maana kuishika sikioni kungeusogeza mtandio.

"Dada," ilikuwa sauti ya Mama Mdogo, tamu kama asali, "hotuba nimeanza kuifanyia mazoezi, kwa tahadhari tu. Pale kwenye 'wapendwa wanafunzi', nipaze sauti au nishushe?"

"Funga mdomo," akajibu Mama Mkwe, akakata.

Fundi akarudisha taa za programu kama zilivyokuwa, safari hii akapunguza mwanga wa ile picha yenyewe. Meno yakaacha kuwaka. Lakini kila jino likabaki na doa jeupe mahali palepale, kama ndugu wanne wenye kovu moja, na kuzunguka doa ikajitokeza rangi ambayo hakuitarajia.

"Kijani," Mama Mkwe akatamka polepole, kwa sauti aliyokuwa akisomea majibu ya watoto waliokosa. Akajifunga mtandio vizuri. "Bwana fundi, mpigie Mama Mdogo. Mwambie apaze sauti."

"Mama, nipe dakika tano. Tano tu."

Fundi akatoka nje ya chumba, akampigia mkewe.

"Yametoka kijani."

"Kijani? Ulipompiga picha alikuwa amevaa nini?"

"Sijui. Sikumtazama."

"Viatu je?"

"Vya kahawia, vina kifungo pembeni."

Mkewe akashusha pumzi. "Mume wangu, meno ya mtu yanatazamwa miguuni?"

Fundi akachungulia mlangoni. Jua la dirishani lilikuwa linapiga ule mtandio chini ya kidevu, na mtandio ulikuwa unarusha kijani hadi shavuni. Hapo ndipo akili ilipomkaa sawa. Kijani kilikuwa ndani ya picha tangu juzi, kimerushwa na mtandio huu huu. Doa jeupe lilikuwa flashi yake mwenyewe. Picha ilikuja na mwanga wake, yeye akaimulikia taa tatu juu yake, kama mtu anayetia sukari kwenye chai iliyokwisha tiwa kisha anailaumu chai. Angezungusha vifungo vya programu hadi vidole viote sugu, doa lingebaki pale pale. Ilitakiwa picha mpya: karibu, bila flashi, bila mtandio.

"Njoo wewe umwambie avue," akamsihi mkewe.

"Kikao kinaanza. Mwambie mwenyewe, hang'ati. Na hata akitaka, wiki hii hawezi."

Saa tano na ishirini. Fundi akarudi ndani.

"Mama, naomba uvue mtandio."

"Unaongea na mimi au na viatu?"

Akainua macho. Shingo ilimwuma kana kwamba haijawahi kufanya kazi hiyo. "Na wewe, mama. Naomba uvue mtandio, usogee dirishani, upanue mdomo. Picha ya kwanza niliiharibu mimi. Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Wewe."

Mama Mkwe akaanza kuufungua mtandio, mzunguko mmoja baada ya mwingine, akaukunja mapajani. Pengo likaonekana. Naye akainamisha macho, akayapeleka hadi sakafuni.

"Viatu vyako," akasema, "vinahitaji kiwi."

"Ndiyo, mama."

Fundi akamvalisha aproni ya kijivu, akavuta pazia nusu, akashika kando ya jino la chonge kile kibao chenye vijino vya sampuli za rangi. Akatazama, safari hii kweli. Jino halikuwa jeupe. Lilikuwa rangi ya maziwa yaliyoonjeshwa chai, limekolea kidogo karibu na ufizi, lina ufa mwembamba kama unywele. Akapiga picha tano. Akazilinganisha na sampuli, akaivisha iliyo bora, taa za programu hakuzigusa hata moja.

Saa sita kasoro dakika sita. Mama Mkwe akasogea hadi pua ikakaribia kugusa skrini.

"Na ufa umeuweka."

"Nimeuweka. Nikiutoa yatakuwa wageni mdomoni."

Akatazama tena, muda mrefu. "Chonga."

Mashine ikaanza kunguruma. Mama Mkwe alikuwa keshafika mlangoni alipogeuka.

"Ile ya taa za gari umeifuta?"

"Bado, mama."

"Nitumie kwenye simu. Kuna mtu nataka kumtisha."

Jumamosi, Mama Mdogo alikaa kiti cha mbele kabisa ukumbini, amevaa miwani myeusi ya jua, tena mikubwa. Mama Mkwe akapanda jukwaani, akafungua karatasi yake. "Wapendwa wanafunzi," akaanza, ndipo akaiona miwani. Cheko likamtoka. Mkono ukapanda kufunika mdomo, ukafika kidevuni, ukakumbuka, ukashuka. Akacheka kwa meno yote, mpaka mwalimu mkuu naye akacheka bila kujua sababu.

Mpiga picha akainua kamera.

"Zima flashi!" Fundi akajikuta amesimama juu ya kiti safu ya tatu, ukumbi mzima umemgeukia.

Mama Mkwe akakisogelea kipaza sauti. "Zima, kijana," akamwambia mpiga picha. "Huyo ni mkwe wangu."