Mtoto wa Nje Aliyezaliwa Ndani

Nakutega wewe, usiangalie pembeni: kapita mlango ule ule uliopita wewe, lakini watu wanasema karuka ukuta. Nani huyo? Umeshindwa? Usinipe mji, nitaupeleka wapi na magoti haya. Ni mtoto wa nje ya ndoa.

Huyu ninayemsimulia walimwita Randa, maana tangu msichana mikono yake haikubanduka kwenye randa ya baba yake ya kulainishia mbao. Baba alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, baba mdogo alikwishafika kwa hakimu. Anataka karakana ya useremala. Iliachwa na babu, alisema, basi irudi kwa watoto wa halali. Randa hakuwa na kazi nyingine wala mlango mwingine wa kubisha.

Wakaitwa kwenye chumba kidogo, feni inalia kama mbuzi mwenye kikohozi.

"Mheshimiwa, huyu ni mtoto wa nje," baba mdogo akaanza. "Kaka yangu hakumuoa mama yake."

"Wa nje wapi, baba mdogo?" Randa akadakia. "Mimi nimezaliwa wodini, juu ya shuka. Wewe ndiye uliyezaliwa uani, ubavuni mwa banda la kuku. Bibi kasimulia mwenyewe!"

Karani akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Hakimu akagonga meza, nayo ikayumba. Vidole vya Randa vikamwasha kuikaza miguu ya meza ile.

"Binti, nje ya sheria si nje ya nyumba," hakimu akasema. "Lakini wewe mzee, umekuja na kipimo, basi na wewe tukupime nacho. Wazazi wako walioana lini?"

Baba mdogo akatabasamu kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mama yangu huyo hapo. Mama, mwambie mheshimiwa."

Bibi akakohoa. Akasema joto la siku hizi limezidi.

"Mama, mwaka gani?"

"Mwaka gani wa nini?"

"Wa ndoa!"

"Sema kwa nguvu, mwanangu, sikio hili limelala."

Limelala! Randa alilijua sikio lile. Lilisikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Akamwona Bibi anasokota pindo la khanga. Mtaa mzima ulimwamkia kama mke wa ndoa, naye alizitia ulimini mimba zote zilizotangulia harusi. Hata mama yake Randa alipokuja kutambulishwa, Bibi hakumpa kiti.

"Cheti kipo?" karani akauliza.

"Kipo sandukuni," baba mdogo akasema, jasho linamtoka. "Si kipo sandukuni, mama?"

Bibi akazidi kulisokota pindo.

Randa akashindwa kuvumilia. Akainuka. "Mwacheni bibi yangu. Karakana achukue, mimi nitatafuta kibarua kwingine."

Bibi akaitazama ile mikono yenye makovu ya patasi, akaitazama tena.

"Keti chini, mke mwenza," akamwambia. Kisha akamgeukia karani. "Wewe mcheshi, okota kalamu uandike. Cheti hakuna, na ndoa haikuwapo. Babu yake Randa aliingia kwangu kuomba maji ya kunywa, akakaa miaka arobaini na saba."