Kahawa Iliyofichwa Ndani ya Gemu

Nilimpa binti yangu Tabita hadi Jumatatu. Siku hiyo angepanda gari kwenda Tunduma, akakae kwenye duka la magodoro la mdogo wangu Jofrey, aonekane ana kazi kama watoto wa wenzangu. Tangu amalize chuo alikuwa anashinda barazani na simu na kompyuta yake, mimi napita na ndoo za kahawa. Sina subira, na mke wangu Ferista ni shahidi.

"Unacheza tu," nilimwambia Ijumaa ile.

"Sichezi, Baba. Napekua."

Nikakaa nisikie vizuri. Akanieleza kwamba kuna gemu ya kilimo kwenye simu, watu dunia nzima wanalima mashamba ya uongo. Wenye gemu wakiandaa kitu kipya, hukiweka kimyakimya kwenye mafaili kabla hawajawafungulia wachezaji. Tabita anayafungua mafaili hayo, anasoma kilichomo, kisha anawaambia watu elfu sita wanaomfuata mtandaoni nini kinakuja.

"Kwa hiyo unafunua sufuria za watu chakula hakijaiva."

Akacheka. "Ndiyo hivyo, Baba. Na leo nimekuta kahawa."

Kahawa! Nikavaa miwani. Kweli kulikuwa na picha ya mti mzuri, majani yanang'aa, matunda mekundu. Pembeni kulikuwa na maelezo ya Kiingereza, akanitafsiria: unapanda, unamwagilia, unasubiri, unavuna, kisha mti unatoweka na unapanda mwingine.

"Unatoweka unaenda wapi?"

"Wameuweka kama mahindi, Baba. Ukivuna, umekwisha."

Damu ilinichemka. Nyuma ya nyumba nina miti aliyoipanda marehemu baba yangu, na bado naivuna. Nikasimama, nikazunguka ua, nikarudi.

"Hawa watu wana akili timamu? Waandikie! Sasa hivi, kabla hawajawalisha watu huo upuuzi!"

Tuliandika mpaka Ferista akatuletea ugali palepale barazani. Mimi nasema, Tabita anageuza kuwa Kiingereza. Niliwaambia mti wa kahawa husubiriwa miaka mitatu, na ukishaanza kuzaa mnazeeka pamoja. Hupogolewa, haung'olewi. Matunda hayaivi yote siku moja, unaurudia mti uleule mara kadhaa ukichagua yaliyoiva. Tabita aliuliza maswali mazuri, na pale nilipotukana akaparuka. Mwisho nikataka jina langu liwekwe: Amoni, mkulima wa kahawa, Ihanda, Mbozi. Sikuwahi kukaa naye muda mrefu hivyo tangu akiwa mdogo, na nasema wazi, nilifurahi.

Jumatatu ikapita. Jofrey alipopiga simu nikamwambia binti ana shughuli kidogo, asubiri. Wiki tatu zikaisha, jibu hakuna. Ya nne Jofrey akasema asipomwona Jumamosi atachukua msichana mwingine. Nikajiona mjinga, mtu mzima kuwaandikia barua watu wa gemu. Nikamwambia Tabita afungashe. Alifungasha siku hiyohiyo, na hilo liliniuma kuliko kama angebisha.

Alhamisi mchana toleo jipya la gemu likatoka. Nilisikia kelele nikiwa shambani, nikakimbia nikidhani kuna nyoka.

"Baba, haung'oki! Ukivuna unabaki umesimama! Na unaurudia mara nne!"

Nilimkumbatia, ndoo bado iko mkononi. Ferista alipiga vigelegele bila hata kujua kwa nini. Tabita akarudi kwenye kompyuta, akafungua mafaili, kisha akaniita.

"Njoo uone, Baba. Kila mmea humu ndani una jina lake, wachezaji hawalioni. Mahindi wameyapa namba. Ngano namba. Kahawa, soma mwenyewe."

Nikasoma. Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati, nikasoma tena. Waliuita Amoni.

"Na nani ataona?"

"Anayepekua tu. Walijua nitafungua."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nikampigia Jofrey palepale.

"Mchukue huyo msichana mwingine. Wangu ana kazi."

"Kazi gani tena, kaka?"

Nikaanza kumweleza, Tabita akinisahihisha kila nilipokosea. Nilimweleza mpaka vocha ikaisha, na hadi leo hajaelewa.