Karatasi ya Juu Mezani kwa Wenchang

Mei-chu alikuwa hajapata hata pa kuweka kapu lake pale hekaluni, macho yakagota kwenye seleri ya sadaka ya wifi yake. Seleri nene, mbichi, imefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi. Yake yeye, aliyoinunua asubuhi ile ile sokoni Tainan, ilishaanza kulegea kwa joto la Julai. Roho ikamuuma. Hata kwenye mboga, jamani?

"Ee, wifi, umefika!" Su-chin alimkaribisha kana kwamba hekalu ni sebule yake. "Nilidhani safari hii umemwachia mungu kazi yote."

"Nimwachie kwa nini? Miguu ninayo."

"Na Ting-kai anasoma, au bado analala na kitabu usoni?"

"Anasoma mpaka namhurumia. Ya-han je? Nasikia amekonda."

"Akonde wapi! Huyo akifungua kitabu ndiyo anashiba."

Su-chin alikuwa dada wa mumewe, na Ya-han, binti wa Su-chin, alikuwa wa kwanza darasani tangu ana meno ya utoto. Ting-kai, mwana pekee wa Mei-chu, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho; alikaa pale katikati ambapo walimu husahau majina. Sasa wote wawili walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, na wote wawili walitaka udaktari. Kila Mwaka Mpya mama mkwe humwekea Ya-han paja la kuku bakulini mbele ya ukoo mzima, akisema, "Kula, daktari wetu." Ting-kai hupewa shingo, naye hucheka. Mama yake hacheki. Alichotaka Mei-chu ni kumwona mwanawe akifaulu kumpita Ya-han, walau mara hii moja, ukoo mzima ufumbe mdomo.

Watahiniwa humwachia Wenchang, mungu wa elimu, nakala ya kadi ya mtihani, yenye picha, namba na chumba, ili siku yenyewe asije akawakosa. Mei-chu aliiweka ya mwanawe juu ya lundo la karatasi mezani kwa mungu, akainyoosha kwa kiganja. Su-chin naye akaja na ya Ya-han, akaitua papo hapo, juu ya uso wa Ting-kai, akapiga magoti na kufumba macho.

Mei-chu akapiga magoti pembeni yake, lakini sala haikuja. Alimtazama Wenchang na ndevu zake ndefu, akawaza kwamba mzee kama huyu akianza kusoma ya juu, mpaka amalize sifa za Ya-han mtihani utakuwa umekwisha. Ulikuwa wivu, na alijua kuwa ni wivu, wala hakujisumbua kuutafutia jina zuri.

Su-chin alipokwenda kuwachomea udi miungu wa ua wa nyuma, Mei-chu alichukua vile vipande viwili vya mti vya kumwulizia mungu, vyenye umbo la mwezi mchanga, akanong'ona, "Baba Wenchang, nikiipumzisha kidogo karatasi hii, kuna ubaya?" Akavidondosha sakafuni. Vyote viwili vikalala mgongo, bapa juu. Hapo mungu anacheka: hajakubali, hajakataa, na mtu mwenye adabu huuliza tena. Mei-chu hakuuliza tena.

"Kacheka," alijiambia. "Basi hajakasirika." Akaichomoa karatasi ya Ya-han, akaikunja, akaisokomeza kapuni chini ya seleri.

Sasa, sadaka ya Wenchang hairudi bure nyumbani. Mungu hushiba harufu; mboga yenyewe hupikiwa mtahiniwa, seleri kwa ajili ya bidii na vitunguu vya majani kwa ajili ya akili, maana kwa lugha yao majina yanalandana. Mei-chu aliyajua hayo vizuri, ila wivu ulimsahaulisha kwamba jioni ile mwanawe ataingia jikoni kumsaidia. Ting-kai alilipindua kapu kwenye sinki, karatasi ikaangukia majini.

"Mama, huyu si Ya-han?"

Mei-chu aliendelea kukata kitunguu. "Upepo huo. Uliipeperusha, nikaiokota."

"Na yangu upepo haukuiona?"

"We, usinihoji kama polisi! Mwenzako ana kila kitu. Bibi ni wake, walimu ni wake. Na mungu naye awe wake? Mimi nakupigania wewe!"

Ting-kai aliitoa karatasi majini, akaikausha kwa fulana yake. "Kila asubuhi unaniambia nitashinda," alisema polepole. "Kumbe mpaka Ya-han aondolewe kwanza."

Mei-chu alirudia kukata kitunguu. Mtoto aliifunga karatasi kwenye plastiki, akapanda baiskeli, akairudisha hekaluni. Aliporudi alikula seleri yote bila kuinua uso.

Asubuhi ya mtihani Mei-chu aliamka mapema kuliko jogoo. Alikaanga mayai, akafungasha chakula cha mchana, akatoa pepeo na chupa za maji, maana mzazi hukaa na mtoto wake shuleni kutwa nzima, ampepee kati ya somo na somo. Alikuwa anavaa viatu gari la Su-chin lilipopiga honi mlangoni.

"Mama, leo wewe baki," Ting-kai alisema. "Jana nilimpigia shangazi."

"Nibaki? Mimi ni mama yako! Nani atakukalia pale nje?"

"Shangazi. Yeye nikifaulu hatashangaa."

Alisema bila hasira, akainamisha kichwa kumuaga kwa heshima, akatoka. Su-chin, ambaye hakujua lolote, alichungulia dirishani akitabasamu.

"Wifi, pumzika zako! Nitampepea kama wangu wa kumzaa."

Ting-kai aliingia kiti cha nyuma kando ya binamu yake. Su-chin akageuka, akamnyooshea kola ya shati, na yule mtoto ambaye wiki nzima hakutaka kuguswa na mama yake alitulia tuli, akasubiri mpaka shangazi amalize.

Gari likaondoka. Mei-chu alibaki mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Maisha yake yote alikuwa amemwonea wifi yake wivu kwa mengi, lakini hakuwahi kumwonea wivu kwa Ting-kai mpaka asubuhi ile.